Mafumbo ya picha yana lugha yake. Tuifunze kwa saa ya ufunguo

Kuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa walimu wetu, na hata miongoni mwa waajiri wanaowatahini vijana kabla ya kuwapa kazi, kwamba fumbo la picha ni mizani ya haki kuliko mizani zote. Hoja yao ni kuwa swali lililoandikwa kwa maneno humpendelea yule aliyeimudu lugha ya mtihani, ilhali picha haina lugha. Mtoto wa Turkana na mtoto wa Westlands wakiwekewa mistari, miraba na miduara ile ile, basi tofauti itakayojitokeza ni ya akili tupu. Mimi ni mtu wa isimu, na kila nisikiapo ikidaiwa kwamba jambo fulani halina lugha, masikio yangu husimama. Picha ina lugha. Ina msamiati wake, ina sarufi yake, na wapo walioinyonya pamoja na maziwa ya mama na wapo wanaokutana nayo ukubwani kama mgeni anavyokutana na Kiswahili bandarini.

Fumbo mashuhuri kuliko yote ya aina hii ni lile la Mwingereza John Raven, lililochapishwa mwaka wa 1938. Mtahiniwa huonyeshwa mchoro ambao sehemu yake ya chini, upande wa kulia, imeachwa wazi, na chini ya mchoro huo pana vipande sita au vinane. Kazi yake ni kuchagua kipande kinachoziba pengo. Toleo la kawaida lina maswali 60 na halina hata neno moja la kusoma. Lakini hebu tutazame anachotakiwa kujua kabla hata hajaanza kufikiri. Sharti ajue kwamba ukurasa huenda kutoka kushoto hadi kulia, na kutoka juu hadi chini (aliyeanzia chuo cha Kurani alifunzwa kuanza upande wa pili). Sharti ajue kwamba mistari iliyolazwa na ile iliyosimamishwa ni sifa zenye maana, ilhali doa la mpiga chapa si kitu. Sharti akubali kwamba jibu ni moja tu, hata kama kipande kingine kinapendeza zaidi. Hayo yote ni kaida, na kaida hufunzwa.

Ushahidi upo, na sehemu yake imetoka hapa kwetu. Katika wilaya ya Embu, watafiti waliwapima watoto wa mashambani wenye umri wa takriban miaka saba kwa fumbo la Raven la watoto wadogo mwaka wa 1984, kisha wakawapima wengine wa rika hilo hilo mwaka wa 1998. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003. Katika muda wa miaka 14, alama zilikuwa zimepanda kwa takriban pointi 26 za kipimo cha IQ. Sasa, damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Watafiti wenyewe walielekeza kidole kwenye lishe, kwenye elimu ya wazazi na kwenye udogo wa familia. Nami naongeza kwamba mtoto ambaye mama yake anasoma, na ambaye nyumbani mwao mna vitabu na kalenda ukutani, amekwisha kuonja lugha ya picha kabla ya kufika kwa mtahini.

Mfano mwingine unanipendeza zaidi kwa sababu unageuza meza. Mwaka wa 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti alioufanya kwa watoto wa Zambia na watoto wa Uingereza. Aliwapa wote kazi moja, yaani kuiga maumbo, lakini kwa vifaa tofauti. Walipopewa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walitia fora. Walipopewa waya, watoto wa Zambia wakawaacha mbali, kwa kuwa huko, kama huku kwetu, mtoto hujiundia gari la waya kabla ya kununuliwa gari la plastiki. Walipopewa udongo wa kufinyanga, wakatoshana nguvu. Akili zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni lugha waliyoulizwa nayo swali.

Sisemi kwamba mafumbo ya picha yatupwe. Nayapenda mno, na ukurasa wa chemsha bongo ni miongoni mwa kurasa ninazozifungua mwanzo. Ninachokisema ni kwamba tukitaka kuyatumia kuwapima wanafunzi, basi tuwafunze kwanza lugha yake, na tuwafunze kwa kitu ambacho mchoro wake unaweza kulinganishwa na kitu chenyewe. Kitu bora kuliko vyote ninavyovijua kwa kazi hiyo ni saa kuukuu ya kengele, ile ya kutiwa ufunguo.

Chukua fumbo linalopendwa sana na watahini. Magurudumu matano yenye meno yamepangwa safu moja, kila moja likiwa limeng'atana na jirani yake. La kwanza limetiwa mshale kuonyesha linakozungukia. Swali: je, la mwisho linazungukia upande gani? Kwa mtu aliyewahi kupindua baiskeli au kuchungulia ndani ya mashine, hili si fumbo. Kwa mtoto ambaye hajaona meno yaking'atana, ule mduara wenye miiba ni jua lenye miale au ni ua. Atatazama maua matano, na hatapata sababu yoyote ya ua moja kumlazimisha jirani yake kugeuka. Kinachokosekana kwake si mantiki. Hajui tu kwamba katika lugha hii jino huwakilisha nguvu inayosukuma.

Wala wakubwa nao hawako salama. Sarafu ya pauni mbili ya Uingereza, iliyoingia katika matumizi mwaka wa 1998, ilichorwa duara la magurudumu ya meno yaliyoshikamana ili kuashiria mapinduzi ya viwanda. Magurudumu hayo ni 19. Haya basi, tuyazungushe kwa fikra. La kwanza likienda kulia, la pili litakwenda kushoto, la tatu kulia, na kadhalika. Kila lenye namba witiri litakwenda kulia. La 19 ni witiri, kwa hivyo nalo sharti liende kulia. Lakini la 19 limeng'atana na la kwanza, ambalo pia linakwenda kulia! Majirani wawili hawawezi kuzungukia upande mmoja. Mtambo wote umekwama. Yangekuwa 18 au 20 yangezunguka bila taabu. Sarafu hiyo ilipita mikononi mwa mamilioni ya watu, na wengi wao hawakuona kosa lolote, kwa sababu waliitazama kama pambo. Hawakuisoma.

Tuifungue saa sasa. Ninazungumzia ile saa ya mezani iliyosimama kwa miguu miwili au mitatu mifupi, yenye kengele kichwani au iliyofichwa tumboni. Mgongoni mwake mna funguo mbili, moja ya mwendo na nyingine ya kengele, na vifundo viwili vya kurekebishia akrabu. Ndani mna bamba mbili za shaba zilizotenganishwa na nguzo fupi, na magurudumu yote yamesimama baina yake kama wapangaji wa nyumba moja.

Chanzo cha nguvu ni kamani. Hili ni neno zuri ambalo linapotea. Nilipowauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanieleze maana yake, darasa zima lilinyamaza. Lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na nasaba yake ni neno la Kiajemi la upinde. Kamani ni utepe wa chuma uliokunjwa mzingo juu ya mzingo. Unapotia saa ufunguo unaukaza utepe huo, na mlio wa kri-kri-kri unaousikia ni wa kishikizo kidogo kinachodondoka baina ya meno ya gurudumu ili kuuzuia usirudi nyuma. Nguvu ya mkono wako imewekwa akiba, na itatumika usiku kucha wakati wewe umelala.

Kamani ikiachiwa huru itajifungua kwa nukta chache, na magurudumu yatalia kama nyuki. Hapo ndipo penye fumbo lenyewe la saa, kwani nguvu inatoka kwenye kamani lakini wakati hautoki huko. Wakati unatoka mwisho wa msururu, kwenye gurudumu mizani, ambalo halizunguki bali huyumba kwenda na kurudi, likivutwa na utepe mwembamba kama unywele. Utepe huo wa unywele ulitumiwa katika saa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka wa 1675. Sifa yake ni ile ambayo wanafunzi wa Fizikia wanaijua kwa jina la Kanuni ya Hooke: ukiupotoa kidogo hukurudisha kwa nguvu ndogo, ukiupotoa sana hukurudisha kwa nguvu kubwa, kiasi kwamba myumbo mpana na myumbo mfinyu huchukua takriban muda ule ule. Kamani inapolegea kuelekea alfajiri, mizani huyumba kwa ufinyu zaidi, lakini haipotezi sana hesabu yake.

Baina ya kamani na mizani pana kipande chenye umbo la nanga. Gurudumu la mwisho la msururu linataka kukimbia. Nanga hulizuia jino moja, mizani ikiyumba huinua nanga, jino likaponyoka na likipita huisukuma nanga kidogo, nayo nanga huipokeza mizani msukumo huo ili isichoke. Papo hapo upande wa pili wa nanga umekwisha kulidaka jino jingine. Tik. Mizani ikirudi, yale yale upande wa pili. Tak. Mlio wa saa, kwa hivyo, ni mlio wa jino likigonga nanga, yaani ni mlio wa kuzuiwa.

Walimu wa Hisabati wataifurahia hesabu yake. Tuseme gurudumu la dakika, linalozunguka mara moja kwa saa, lina meno 64, nalo limeng'ata kigurudumu chenye meno 8. Mhimili wa pili utazunguka mara 8 kwa saa. Mhimili huo umebeba gurudumu la meno 60 linalong'ata kigurudumu kingine cha meno 8. Mara saba na nusu, kwa hivyo mhimili wa tatu huzunguka mara 60 kwa saa, yaani mara moja kwa dakika. Huo ndio mhimili wa akrabu ya nukta, katika saa zilizo nayo. Gurudumu lake la meno 64 likang'ata kigurudumu cha meno 8, gurudumu la nanga litazunguka mara 480 kwa saa. Likiwa na meno 15, na kila jino likilia mara mbili, tunapata milio 30 kwa mzunguko. Zidisha: milio 14,400 kwa saa, milio minne kwa kila nukta moja. Na tazama upande wa mzunguko: mhimili wa dakika huenda kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia. Ni lile lile fumbo la magurudumu matano, na ndiyo sababu akrabu ya nukta haikimbilii upande wa kinyume na wenzake.

Akrabu ya saa na ya dakika zina kisa chao. Zote mbili zimechomekwa mahali pamoja, katikati ya uso wa saa. Zote zinaelekea upande mmoja. Lakini moja sharti iende mara 12 polepole kuliko mwenzake. Utalifanyaje hilo? Ukiunganisha magurudumu mawili moja kwa moja, yatakwenda pande tofauti. Jawabu limefichwa nyuma ya uso wa saa: gurudumu la tatu limewekwa kando kama mshenga. Kigurudumu cha dakika chenye meno 10 hulisukuma gurudumu la mshenga lenye meno 30, mwendo ukapungua mara tatu na ukageuka upande. Mshenga naye ana kigurudumu cha meno 8 kinachosukuma gurudumu la saa lenye meno 32. Mwendo unapungua mara nne na unageuka tena. Tatu mara nne ni 12, na kugeuka mara mbili ni kurudi ulikotoka. Mwanafunzi aliyeliona hili kwa macho, akalizungusha kwa kidole, hatababaishwa na mishale ya mtahini.

(Na neno akrabu lenyewe ni fumbo la picha. Kwa Kiarabu ni nge. Aliyeipa sehemu hiyo ya saa jina hilo aliona mkia wa mdudu pale ambapo Mwingereza aliona mkono.)

Imebaki kengele, ambayo ndiyo mantiki iliyogeuzwa kuwa chuma. Kengele ina kamani yake na nyundo yake, na nyundo hiyo ingegonga wakati wowote isingalikuwa imezuiwa na wenzo mmoja. Nyuma ya uso wa saa, gurudumu linalokwenda sambamba na akrabu ya saa limebonyezwa na springi nyepesi ili lisogee mbele, lakini linazuiwa na pini ndogo iliyoko kwenye bomba la akrabu ya kengele. Gurudumu lina tundu au mteremko mahali pamoja tu. Linazunguka polepole, pini ikitambaa juu yake, mpaka tundu lifike mbele ya pini. Hapo gurudumu huruka mbele kidogo tu, wenzo hupata nafasi ya kusogea, nyundo inafunguliwa, na wewe unarushwa kitandani. Mtambo huo hausomi wakati wala hauujui. Unatekeleza sentensi moja ya sharti, ya aina tunayoifundisha katika sarufi: tundu likikutana na pini, nyundo itagonga.

Kwa kuwa gurudumu hilo hukamilisha mzunguko kwa saa 12, haliwezi kutofautisha alfajiri na jioni. Atakayetega kengele saa kumi jioni akikusudia kuamka saa kumi na moja alfajiri, ataipata kengele yake baada ya saa moja tu, saa kumi na moja jioni. Kiswahili kimekabiliana na utata huo huo kwa kuongeza neno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Wenye saa walikabiliana nao kwa kuitega kengele baada ya chakula cha usiku.

Na hapa wanafunzi wetu wana mzigo ambao watunzi wa mafumbo hawaukumbuki. Mwalimu wa Hisabati anachora uso wa saa, akrabu fupi ikiwa kwenye 7, na kwa Kiingereza anataka jibu la saba. Mwalimu wa Kiswahili anaingia, mchoro ule ule bado uko ubaoni, naye anataka saa moja. Mtoto husoma namba iliyo mkabala na akrabu, ng'ambo ya pili ya duara, na hulifanya hilo kwa wepesi ambao ungemtoa jasho mtahini wa kigeni. Picha ni moja, usomaji ni aina mbili, na wote ni sahihi. Atakayeendelea kusema kwamba picha haina lugha anieleze hilo.

Hata upande tunaouita wa kufuata akrabu una kwao. Saa za kwanza za akrabu ziliundwa kaskazini mwa dunia, ambako kivuli cha kijiti kilichosimikwa huzunguka hivyo, na waundaji wakaiga kivuli. Simika kijiti uwanjani Nairobi mwezi wa Oktoba na kivuli kitakwenda kama akrabu. Simika kijiti hicho mwezi wa Juni, jua likiwa kaskazini yetu, na kivuli kitazunguka kinyume. Laiti saa ingalivumbuliwa hapa, sijui mabishano hayo yangalimalizikaje.

Wengi wa rika langu watakumbuka zile saa kutoka Uchina zenye picha ya kuku usoni, anayedonoa punje kwa kila mlio. Tulipokuwa wadogo, jibu lililokubaliwa na wote lilikuwa kwamba mlio unatokana na mdomo wa kuku. Ni jibu lenye mantiki kamili! Kichwa kinashuka, mlio unasikika. Kinapanda, kinashuka, mlio tena. Mwalimu hodari hatalikataa jibu hilo kwa maneno. Ataifungua saa, aondoe kipande cha bati chenye kichwa cha kuku, na kuwaachia watoto waisikilize saa ikiendelea kulia bila kuku. Wataelewa kwamba kuku na mlio wote wawili ni watumwa wa bwana mmoja aliyefichika. Hakuna fumbo lililochapishwa kwenye karatasi linaloweza kukubali kufunguliwa namna hiyo, na simu ya mkononi, ambayo ndiyo inayotuamsha sisi sote siku hizi, haina cha kufungua kinachoonekana kwa macho.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji fedha za wizara. Saa hizi zimelala kwenye makabati ya wazee na kwenye masanduku ya mafundi wa saa, ambao wengi wao sasa hubadilisha betri tu. Shule ipate mbili, moja ya kufunguliwa na moja ya kuachwa nzima. Wanafunzi waguse kwanza. Wataje sehemu kwa majina, kamani, akrabu, mizani, nanga, mhimili. Kisha ndipo wachore. Wabadilishane michoro, na kila mmoja ajaribu kusoma katika mchoro wa mwenzake gurudumu lipi linalisukuma lipi. Watagombana juu ya mishale. Wakigombana, saa iko pale mezani iwaamue.

Tahadhari moja kwa walimu watakaojaribu. Saa isifunguliwe bamba zake kamani ikiwa imekazwa, kwa kuwa utepe ule ukifyatuka hukata vidole. Kamani ni mbili, na zote zilegezwe. Ya kengele iachwe ilie mpaka ikome yenyewe. Ya mwendo, kama hamna subira ya kungoja saa isimame, mshike ufunguo kwa nguvu, mwinue kile kishikizo kwa ncha ya bisbisi, kisha muuachie ufunguo urudi kidogo kidogo mkononi mpaka msiusikie tena ukivuta. Kazi hiyo aifanye mwalimu mwenyewe, watoto wakiwa hatua mbili nyuma.